Minazi ya Mwanatatu, Mkahawa wa Faki

Kivuko kilikuwa kimefika katikati ya maji, injini ikikoroma chini ya miguu ya watu, na mgeni mwenye mkoba wa turubai alikuwa ameshika nguzo akiutazama upande wa Likoni unavyomsogelea. Ng'ambo hiyo alikuwa hajapata kuikanyaga. Kiswahili chake kilikuwa na vumbi la njia nyingi, huku Unguja, huku bara, huku mahali pasipojulikana. Na kwa Kiswahili hicho akauliza kama basi la Tanga huwangoja watu wa kivuko.

"Halingoji mtu," akajibu jirani yake, aliyekuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. "La asubuhi limeshakwenda. Liko la saa kumi. Lakini usisikitike, bwana. Wanywa kahawa?"

"Nanywa."

"Basi utakuwa mteja wangu wa kwanza. Twende mkahawani."

Huyo alikuwa Faki, mtu wa Timbwani, umri wake kama miaka arobaini, na katika hiyo kumi na minne ameitumia akibeba sinia katika hoteli moja ya ufuoni. Ndani ya gazeti mlikuwa na dele la shaba la kupikia kahawa alilolinunua asubuhi ile kwa mjane mmoja wa Kishihiri, Mji wa Kale. Lilikuwa na kovu shingoni na kifuniko chake kilichezacheza, lakini Faki alilikumbatia kama mtu anayemtoa mtoto hospitali. Hakumwambia mgeni kwamba mkahawa wenyewe bado haujajengwa. Si kwamba alitaka kumdanganya. Siku hizi alikuwa akilisahau jambo hilo mwenyewe.

Walipanda kilima cha kivuko, wakayapita magari yaliyopanga foleni juani kungoja kuvuka kurudi kisiwani. Ndani mlikuwa na Wazungu wa Nakuru na Kitale wanaomaliza likizo, pua zimebabuka, watoto wana mchanga masikioni.

"Waangalie," akasema Faki. "Saa nzima wamekaa hapo na hakuna anayewapa hata maji. Mtu wa likizo hanywi kwa sababu ya kiu, bwana. Hunywa ili apate sababu ya kukaa. Nimewatumikia miaka kumi na minne, nawajua."

Waliiacha barabara, wakashika kijia, wakatokea kwenye uwanja wenye minazi minne. Chini yake palikuwa na vigingi vilivyounganishwa kwa kamba ya usumba, na kamba ile ilikwenda, ikakunja pembe, ikarudi, ikaacha nafasi hapa na pale. Zaidi ya hayo palikuwa na gogo, jiko la makaa na upepo. Mgeni akainua mguu aruke kamba.

"La, la! Hapo ni ukutani," Faki akamzuia. "Mlango huu hapa."

Mgeni akamtazama usoni, akaona hana mzaha, akazunguka akapita mlangoni. Faki akamkalisha kwenye gogo. Hiyo, alisema, ndiyo meza ya tatu, meza ya watu wenye haya, wanaopenda kuiona bahari bila bahari kuwaona. Na kweli kutoka pale, katikati ya mikorosho ya jirani, palikuwa na mwanya mwembamba wa buluu, mwembamba kama ukanda wa nguo. Meza ya kwanza ilikuwa ya madereva. Ya pili ilikuwa ya familia za Kihindi za Jumapili, ndefu, kwa sababu hawaji wachache. Ya nne, pale kwenye kivuli kizito, aliiweka kwa watu ambao bado hawajaanza kuja.

"Watu gani hao?"

"Sisi," akasema Faki. "Watu weusi walio likizoni. Mwezi wa kumi na mbili bendera ya Mwingereza yashuka. Wataanza kuja kutoka Nairobi, kutoka Kisumu, na wake zao, hawana kazi yoyote ila kukaa. Wallahi, natamani kuwaona. Nataka niwaulize, kahawa chungu au ya maziwa?"

Miaka miwili alikuwa akiujenga mkahawa ule hivyo, kwa vigingi. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja akahamisha kitu. Mkewe, Mwanarehema, alizoea kumwuliza jioni akimwekea chakula, "Mkahawa wako una milango mingapi leo?" Akijibu miwili, humwambia, "Juzi ilikuwa mitatu. Umepata hasara." Lakini watu wa Timbwani walikuwa wameshauzoea. Wanawake waliotoka bombani na ndoo za maji kichwani waliingia kwa mlango wa mbele, wakatoka kwa mlango wa nyuma, na mmoja aliyekuwa na haraka akiruka kamba wenzake humzomea, "Mwivi huyo, apita dirishani!" Mbuzi tu ndio waliokuwa hawajaelewa.

Faki akawasha jiko, akaliosha dele mara tatu, akatia maji. Kahawa alikuwa ametoka nayo nyumbani, imekaangwa na kutwangwa kwa mkono wa Mwanarehema, na iliki na kipande cha tangawizi kwenye kitambaa. Alikuwa na vifinjani sita. Hotelini alijifunza kumimina bila kudondosha hata tone, mkono wa kushoto mgongoni; nyumbani kwao alijifunza kumimina kidogo kidogo, ili mgeni asipate sababu ya kuondoka. Katika mkahawa wake aliazimia kuyachanganya hayo mawili. Alikuwa ameshaamua rangi ya viti pia: buluu iliyofifia, kama sehemu ya ndani ya kombe la baharini, rangi ambayo mtu akiitazama hajui kama ni asubuhi au mchana.

Mgeni alinyoosha miguu. Upepo ulipita mahali ambapo pangekuwa na dirisha. Kwa muda mkahawa ukawa kama upo.

Halafu kutoka juu ya kichwa chake mtu akakohoa.

"Hodi mkahawani," ikasema sauti.

Alikuwa Ngowa, mgema, mtu wa Mariakani aliyehamia Likoni zamani. Alishuka akikanyaga vidato vilivyokatwa kwenye shina, kisu chake cha kotama kiunoni, kibuyu cha tembo la mnazi kikining'inia ubavuni, kinatoa povu. Alitua karibu kabisa na meza ya pili.

"Ngowa, nimekwambia uteremkie upande wa nje!"

"Vidato viko upande huu. Nawe umejenga ukuta upande huo. Nani alitangulia?"

Hapo ndipo mgeni alipopata kujua kwamba mkahawa ule ulikuwa na tatizo, na kwamba siku yenyewe ya kuamuliwa ilikuwa leo.

Uwanja ulikuwa wa Mwinyihaji, mjomba wake Faki, naye alikuwa amempa kwa roho safi. Lakini minazi haikuwa ya Mwinyihaji. Ng'ambo ile, kama kote pwani, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine; mtu aweza kulala juu ya udongo wake chini ya mnazi wa mwenzake, na asithubutu kuokota nazi iliyomwangukia mlangoni. Minazi ile minne ilikuwa ya Mwanatatu, dada yake Mwinyihaji, mama mkubwa wa Faki. Baba yao aliipanda mwaka Mwanatatu alipoolewa, ili asipate kumwomba mume pesa ya ubani. Na Mwanatatu, aliyekuwa mjane sasa, alikuwa amempa Ngowa aigeme, naye akapata fungu lake.

Faki aliyajua yote hayo tangu hajaota meno. Lakini miaka kumi na minne alikuwa mahali ambapo bwana mmoja alimiliki ardhi, miti, kivuli cha miti na hata mawimbi yaliyofika mbele ya hoteli, kwa jinsi alivyowafukuza watu. Mazoea hayo yalimwingia bila kujua. Ijumaa moja, akitaka pembe ya ukuta isimame sawasawa, alichukua msumari wa inchi nne akaupigilia kwenye mnazi wa mamake mkubwa, akafunga kamba. Hakuomba, wala hakutuma mtu.

Habari zilifika kabla hajaweka nyundo chini. Mwanatatu hakuja kugomba. Alinyamaza. Wiki saba alipokea shikamoo za Faki kwa kichwa tu, na kila alipotumiwa mtu kuulizwa habari ya minazi, alijibu kwamba anafikiri.

Na sasa hoteli ilikuwa inafungwa. Bwana mwenyewe alikuwa anahamisha vitanda na viti kwenda kwa nduguye Malindi, na Faki alikuwa ameambiwa: lori litapita njia panda saa tisa. Akitaka kazi, apande. Asipotaka, mkono wa kwaheri. Jana jioni Mwanatatu alileta salamu kwamba adhuhuri atafika. Ikiwa atakubali, Faki hatapanda lori. Ikiwa atakataa, vigingi vitang'olewa, viwe kuni.

"Wacha nikuulize mbele ya mgeni," akasema Ngowa, akikaa chini kana kwamba kuna kiti. "Wataka niache kugema, sivyo?"

"Mkahawa wa Mwislamu utakuwaje na tembo linatona juu ya paa? Watu watakuja kunywa kahawa wakitoka msikitini!"

"Tembo langu haliwezi kuingia kahawani mwako, labda kibuyu kipasuke. Lakini sikia. Mnazi unaogemwa hauzai. Nikiacha kugema, utazaa. Nazi ikimwangukia Mzungu kichwani, utamwambia nini?"

"Nitamwambia pole."

"Atakusikia?"

Mgeni akacheka mpaka akamwaga kahawa. Faki hakucheka. Katika mkahawa aliouota kwa miaka miwili hakuna nazi hata moja iliyowahi kuanguka. Alitazama juu, na kwa mara ya kwanza akaiona minazi kama vitu vyenye maisha yao, si nguzo za kufungia kamba.

"Yuwaja," akasema Ngowa taratibu, na akakisukuma kibuyu nyuma ya gogo.

Mwanatatu alikuja na buibui lake limepauka mabegani, fimbo mkononi, hatua fupi fupi. Alipofika kwenye kamba hakutafuta mlango. Aliishusha kwa fimbo akaivuka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Ilikuwa ya kwanza kwa sauti tangu wiki saba. Alimwamkia mgeni, akaulizia atokako na aendako, akamwombea njia njema. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye mnazi wa pembeni. Msumari Faki alikuwa ameshaung'oa zamani, lakini tundu lilikuwapo, na lilikuwa limetoa utomvu mweusi. Mwanatatu akatia ncha ya kidole.

"Hapa ndipo ulipobisha hodi?"

Faki akainama. "Nimekosa, mama."

"Watu hubisha mlangoni. Wewe wabisha mtini, tena kwa nyundo. Wazungu wamekufunza kumimina kahawa, hawakukufunza kuomba?"

"Wao hawaombi, mama," Ngowa akachomekea.

"Nawe nyamaza, mlevi wee! Tembo lanukia mpaka barabarani, wafikiri nyuma ya gogo pua yangu haifiki?"

Faki akammiminia kahawa. Tone moja likaanguka, jambo ambalo halijamtokea tangu mwaka wa arobaini na tisa. Mwanatatu alikunywa amesimama. Akasema iliki imezidi, akaomba ya pili. Akataka aonyeshwe huo mkahawa ambao watu wanaupitia na ndoo.

Faki akamwonyesha. Mwanzoni alisema kwa woga, kisha ndoto ikamchukua kama kawaida yake. Alimtembeza kati ya meza. Alimwonyesha viti vya buluu, rafu ya vifinjani, mahali pa kunawia mikono, dirisha lisilo na mbao ili upepo uingie bila kuombwa. Alimwambia ya madereva, ya Wahindi, ya wenye haya. Alipofika meza ya nne, sauti yake ikashuka, akamweleza watu wale wa Nairobi na Kisumu walioko likizoni, jinsi watakavyokaa bila mtu wa kuwafukuza. Mwanatatu alisikiliza, akageuza macho polepole kila kidole kilipoelekea, na mgeni aliyekuwa akitazama angeweza kuapa kwamba bibi yule alikuwa anakwepa pembe za meza.

"Kuzuri," akasema mwisho. "Nami nikija kuitazama minazi yangu, nitakaa wapi?"

Upepo ukapita. Faki akazitazama meza zake moja moja. Miaka miwili alikuwa amewapangia viti watu wa kila mji, hata watu ambao likizo zao bado hazijazaliwa. Hakuwa amemwekea mahali mwenye miti.

Alikwenda kwenye pembe ya mbele, akapiga magoti, akaking'oa kigingi kwa mikono, na cha pili, na cha tatu. Akausogeza ukuta wote nyuma, hatua sita, mpaka meza ya madereva ikafutika na ile ya Wahindi ikawa fupi. Minazi miwili ya mbele ikabaki nje, katika ua. Akalibingirisha gogo lile lile alilokalia mgeni, akaliweka katikati ya minazi hiyo miwili.

"Hapa," akasema akihema. "Hili si la mteja. Ni lako, uje usije."

Mwanatatu alilitazama gogo. Akatazama juu. "Nazi ziniangukie mimi?"

"Hazitaanguka," akasema Ngowa, bila kufikiri, na wote wakamgeukia. Akajikuna. "Nazi ianguke hivi hivi wakati mkwezi yuko? Ziangushwe zikiwa madafu, kabla hazijawa koroma. Kila baada ya wiki mbili napanda. Huyu atauza dafu na kahawa. Wazungu wapenda madafu kuliko sisi. Lakini madafu nusu ni yangu, na hiyo minazi miwili ya ndani uniachie vidato, sitaki kupanda kama kima."

"Na tembo?"

"Tembo niko na minazi kwingine. Ila makole ya maua niliyokwisha kuyafunga hapa nitayamaliza kwanza. Mgema hatolewi mtini katikati ya kazi."

"Hilo ni haki," akasema Mwanatatu. Kisha akamgeukia Faki, na kwa mara ya kwanza akamwita kama alivyomwita utotoni. "Mwanangu. Minazi nakupa uketi chini yake. Haikatwi, haipigwi msumari, na fungu langu la madafu laletwa nyumbani, siji kulidai. Lakini mti si mtumishi wa hoteli, ukauambia leo acha hiki ushike kile. Amalize Ngowa, litoke karara jipya, kuwe kidaka, kuwe kitale, ndipo dafu. Masika ijayo ije na iishe. Ukiona dafu la kwanza, funga paa."

Faki alihesabu kwa moyo. Miezi minane. Alikuwa ameomba ndiyo, na ndiyo amepata. Na ndiyo ile ilikuwa ndefu kuliko akiba yake. Bila minazi hiyo hana mkahawa, na bila kazi hana cha kula akiingoja.

Huko barabarani kukasikika honi, ndefu, ya mtu asiyependa kungoja.

Mwanarehema alikuwa ameshasimama kwenye kijia na furushi la nguo limefungwa kwa kanga. Alipita mlangoni, akaona ukuta ulivyorudi nyuma, akatabasamu kidogo.

"Umefunga nguo kabla hujajua jibu?" Faki akamwuliza.

"Nilijua atakubali. Tena nilijua mnazi hautakubali upesi." Akamkabidhi. "Nenda ukawamiminie wa Malindi. Vigingi nitavilinda mimi. Nikitaka mlango mwingine nitakuandikia."

Faki alilishika dele, lingali moto. Alitaka kulirudisha katika gazeti. Mwanatatu akanyoosha mkono.

"Hilo litakaa kwangu. Mtu akiacha dele, hurudi."

Akampa. Akambusu mkono. Alimpa mkono Ngowa, mkono wa povu na mkono wa sabuni ya hoteli. Mgeni akataka kulipa kahawa yake, Faki akakataa kwa kidole. "Utalipa mkahawa ukifunguliwa. Sasa wewe u mgeni wangu. Kaa, basi lako bado."

Akaenda mbio. Kutoka pale uwanjani waliliona lori kati ya mikorosho, limejaa vitanda vya chuma na viti vya henzerani vya barazani, vimefungwa miguu juu. Faki alipanda kwa gurudumu. Hapakuwa na nafasi ila juu kabisa, ambapo kiti kimoja kilikuwa kimefungwa wima. Akakaa humo, furushi mapajani, akaegemea. Miaka kumi na minne alivipanga viti vile, akavifuta chumvi kila asubuhi, na hakuwa amekalia hata kimoja. Lori lilianza kuteremka kuelekea kivukoni naye yuko juu yake, ametulia, anatazama huku na huku kama mtu aliye likizoni.

Mwanarehema alipunga mkono mpaka vumbi likatua. Ngowa alijifunga kotama, akapanda mnazi wake, ambao sasa vidato vyake viko nje ya ukuta. Mwanatatu aliketi kwenye gogo lake na dele mapajani.

Mgeni alikuwa amesimama na kifinjani mkononi, hajui aende wapi, mpaka sauti ya Faki ikaja kutoka mbali, juu ya injini na mawimbi:

"Bwana! Usisimame hapo, ni mlangoni! Watu watapita wapi?"

Mgeni akaangalia miguu yake. Akasogea ndani, akazunguka mahali palipokuwa na meza ya pili, akachuchumaa mahali pa meza ya tatu, penye mwanya wa bahari, akamaliza kahawa yake polepole.